Mtandao Upi? Uhakiki wa Istilahi za Kupangia Ving'amuzi vya Setilaiti

Istilahi hupimwa kwa kazi, na mahali pamoja ambapo kipimo hicho huwa kikali sana ni sebuleni, mbele ya televisheni, pale mtu mwenye rimoti mkononi anapotakiwa kuchagua baina ya maneno mawili asiyoijua tofauti yake. Kitabu cha shule kina mwalimu wa kukifafanua. Waraka wa serikali una karani wa kuulizwa. Menyu ya king'amuzi haina mtu. Neno likikosewa, mwenye chombo hukosa taarifa ya habari, humwita fundi, hulipa, kisha fundi hubonyeza vitufe vitatu na kwenda zake. Kwa hiyo kosa la mfasiri hapa lina bei, na bei hiyo hulipwa na msomaji.

Makala haya yanakusudia kuyachunguza maneno ya Kiswahili yanayotumika katika sehemu mbili za menyu ya chombo hicho, yaani mipangilio ya mtandao na mipangilio ya mfumo. Maneno mengi kati ya haya hayakubuniwa kwa ajili ya televisheni. Yametoka katika kazi ya kutafsiri programu za kompyuta iliyoshika kasi Afrika Mashariki katika miaka ya 2000, yakahamia kwenye simu, na sasa yamo katika visanduku vya televisheni. Uhamaji huo ndio chanzo cha matatizo mengi tutakayoyataja, kwa kuwa neno lililomfaa mtaalamu wa kompyuta halimfai lazima bibi anayetafuta chaneli ya dini.

Tuanze na jina la chombo chenyewe, ingawa halitatuchukulia muda mrefu. Tangu urushaji wa analojia ulipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikafuata mwaka 2015, umma umeshika neno king'amuzi. Watumishi wa mamlaka na baadhi ya magazeti wamependelea kisimbuzi. Kwa sarufi yote mawili ni mazuri. King'amuzi ni kile kinachong'amua, yaani kinachotambua jambo lililojificha. Kisimbuzi hutokana na kusimbua, kinyume cha kusimba, na ndugu zake ni msimbo na usimbaji. Wanaotetea kisimbuzi husema kuwa lina ukoo, na ukoo ni hazina kwa mwanaistilahi. Hoja hiyo ni ya haki. Lakini neno lenye ukoo likishindwa kutoka ofisini, ukoo wake haulisaidii, na king'amuzi limekwisha kuzaa methali za vijiweni. Maoni yetu ni kwamba king'amuzi libaki kuwa jina la chombo, na kusimbua libaki kuwa jina la kazi mojawapo inayofanywa ndani yake. Kuna kazi nyingine ambayo haifai kuchanganywa na hiyo: kufungua chaneli za kulipia kwa kadi au kwa namba ya chombo. Hiyo si kusimbua bali ni kufumbua, kwa kuwa mawimbi hayo yamefumbwa makusudi ili asiyelipa asione. Chombo cha chaneli za bure hakifumbui kitu, bali hupokea na kusimbua tu.

Sasa tufike kwenye neno lililotufanya tushike kalamu. Neno mtandao lina asili nzuri. Mawingu hutanda, maji hutandaa, buibui hutanda utando wake, na kitu kilichoenea hivyo na kuungana ni mtandao. Tatizo ni kwamba neno hili sasa limebebeshwa mizigo mingi kupita kiasi. Mtu akisema "mtandao unasumbua," huenda ana maana ya kampuni ya simu. Akisema "nimeisoma mtandaoni," ana maana ya intaneti. Akisema "mitandao inachochea," ana maana ya majukwaa ya kijamii. Katika ofisi yenye kompyuta kumi zilizounganishwa, mtandao ni nyaya na vyombo vilivyomo humo ndani. Katika mazungumzo, muktadha huamua. Katika menyu, ambamo neno husimama peke yake kando ya kitufe cha Ndiyo au Hapana, hakuna muktadha.

King'amuzi cha setilaiti kinaongeza maana nyingine ambayo watafsiri wengi huipita bila kuiona. Kampuni inayorusha matangazo kwa setilaiti haitumii njia moja tu. Ndani ya setilaiti mna vyombo kadha vinavyoitwa transponda. Kila transponda hupokea mawimbi kutoka ardhini, huyabadili masafa, huyakuza na kuyarudisha duniani, na kila moja hubeba chaneli zake. Jumla ya transponda za mrushaji mmoja ndiyo huitwa mtandao katika lugha ya kitaalamu ya utangazaji wa dijiti. Pamoja na picha na sauti, mawimbi hubeba jedwali linaloorodhesha transponda zote za mtandao huo, likitaja masafa ya kila moja, mkao wa mawimbi yake na kasi ya alama zake. Mwenye king'amuzi anapotaka kusaka chaneli, menyu humwuliza swali moja: je, asake kwa mtandao? Akijibu ndiyo, chombo husoma jedwali katika transponda ya kwanza, kisha hufuata kila transponda iliyotajwa humo. Akijibu hapana, chombo husaka katika transponda ileile moja na kusimama hapo.

Tazama linalotokea swali hilo linapoandikwa kwa Kiswahili kuwa "Utafutaji wa Mtandao: Ndiyo / Hapana." Mtu asiyekuwa na intaneti nyumbani hulisoma kwa akili timamu kabisa. Hana mtandao, kwa hiyo huchagua Hapana. Chombo humletea chaneli sita badala ya sitini, naye huamini kuwa ungo umesogezwa na upepo. Mwenzake mwenye intaneti huchagua Ndiyo, hupata chaneli zote, na huamini kuwa zimeletwa na intaneti. Wote wawili wamefundishwa uongo na neno moja, na yule wa kwanza huenda akampandisha fundi juu ya paa bila sababu.

Dawa si kubuni neno jipya. Dawa ni kulikataza neno mtandao lisisimame peke yake popote katika menyu. Pale penye maana ya utangazaji iandikwe "Saka katika transponda zote za mrushaji." Ni maneno mengi, nasi tunajua kuwa nafasi kwenye kioo ni finyu, basi "Saka transponda zote" yatosha. Pale penye maana ya vyombo vya nyumbani vilivyounganishwa, iandikwe "mtandao wa nyumbani" au, kwa ofisi, "mtandao wa ndani." Na pale penye maana ya mawasiliano ya dunia, iandikwe intaneti. Wapo wanaoliona neno intaneti kuwa ni la kigeni mno. Hata hivyo hawalioni hivyo neno redio, wala televisheni, wala setilaiti yenyewe. Neno la mkopo lenye maana moja ni bora kuliko neno la nyumbani lenye maana tano.

Neno masafa nalo linastahili kuangaliwa, kwa sababu historia yake ina mkanganyiko ambao walimu wa sayansi wanaujua vizuri. Kwa asili masafa ni umbali. Redio ilipoingia, watangazaji walisema "masafa mafupi" na "masafa ya kati" kwa maana ya mawimbi mafupi na ya kati, na hapo neno lilikaa sawasawa, kwa kuwa urefu wa wimbi ni umbali baina ya kilele na kilele. Baadaye neno hilohilo likahamia kwenye idadi ya mitetemo kwa sekunde. Leo stesheni ya redio hutaja masafa yake kwa megahezi. Sasa wimbi likiwa fupi, mitetemo yake kwa sekunde huwa mingi. Kwa hiyo "masafa mafupi" ya zamani ni "masafa ya juu" ya leo. Mwalimu anayeeleza jambo hili darasani hana budi kuomba radhi kwa niaba ya lugha. Hatupendekezi kuling'oa neno hili, kwani mizizi yake imekwenda mbali. Ila kila penye hatari ya kuchanganya, kipimo kitajwe pamoja na neno: masafa kwa megahezi, urefu wa wimbi kwa mita.

Katika menyu ya setilaiti, hatari hiyo ipo katika mstari mmoja mahsusi. Humo mna "masafa ya transponda" na, mistari michache juu yake, "masafa ya LNB," yaani ya kile kichwa kilicho mbele ya ungo. Msomaji hudhani kuwa namba hizi mbili lazima zilingane, au kwamba moja ni kosa la uchapaji. Ukweli ni kwamba zinafanya kazi tofauti. Mawimbi ya bendi ya Ku hufika kwenye ungo yakiwa kati ya megahezi 10,700 na 12,750. Hayawezi kusafiri kwenye waya hadi sebuleni katika hali hiyo bila kupotea njiani. Kichwa hicho huyateremsha kwa kutoa namba maalumu. Katika kichwa cha kawaida cha matumizi yote namba hiyo ni 9,750 kwa sehemu ya chini ya bendi na 10,600 kwa sehemu ya juu. Transponda ya megahezi 11,500 hufika sebuleni ikiwa 1,750. Kwa hiyo namba ya LNB ni ya kutolea, kama ile tunayoiandika chini katika hesabu ya kutoa. Tungependa kuona menyu ikisema "Masafa ya kutoa (LNB)." Mwanafunzi wa darasa la nne angeielewa, naye fundi hangepotezwa.

Kwa upande mwingine, sehemu ya mkao wa mawimbi imefasiriwa vizuri kuliko tulivyotarajia. Wima na mlalo ni maneno ya kila siku, seremala huyatumia, na hayahitaji maelezo. Tahadhari ni moja tu. Majedwali ya transponda yanayochapishwa duniani kote hutumia herufi V na H. Mfasiri akiandika W na M kwenye kioo kwa uzalendo, msomaji atashindwa kulinganisha kioo na jedwali alilopewa. Maneno yawe ya Kiswahili, alama zibaki za kimataifa, kama tunavyoandika kilogramu kwa herufi zilezile zinazotumiwa na wengine. Vivyo hivyo nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi ni tafsiri safi, nazo zinabeba tofauti yenye maana: ungo ulioelekea setilaiti isiyo yake waweza kuonyesha nguvu kubwa na ubora sifuri.

Tukija kwenye mipangilio ya intaneti ndani ya chombo, tunakuta orodha ya anwani, barakoa, lango na seva ya majina. Anwani haina ubishi. Anwani ya IP ya kawaida ni namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255, mathalani 192.168.1.10, na chombo huweza kuipata chenyewe au ikajazwa na mtu. Hapa tumeona maneno mawili yakishindana na maelezo mawili: "anwani badilifu" na "anwani tuli" kwa upande mmoja, "pata anwani yenyewe" na "jaza mwenyewe" kwa upande wa pili. Neno tuli ni zuri sana, na mtaalamu alihifadhi. Lakini kioo cha sebuleni kinamhitaji mtu afanye jambo, kwa hiyo kitenzi kinafaa kuliko kivumishi.

Barakoa imetuchekesha kwanza, kisha ikatufikirisha. Tangu mwaka 2020 kila mtoto anajua barakoa ni kitambaa cha kuzuia maradhi, na kuikuta katika king'amuzi kunaleta kicheko. Wenye umri na watu wa pwani wanajua maana ya zamani: ni ile nikabu ya wanawake, iliyozoeleka Oman na Unguja, inayofunika sehemu ya uso na kuacha macho. Sasa tuitazame kazi ya namba 255.255.255.0. Huwekwa juu ya anwani ili kuonyesha sehemu ipi ni ya mtandao na sehemu ipi ni ya chombo kimoja. Penye 255 anwani huonekana. Penye 0 hufunikwa. Katika mfano wetu namba tatu za kwanza hubaki wazi kuutambulisha mtandao wa nyumbani, na 10 ya mwisho hufunikwa. Hiyo ni barakoa ya Kiomani hasa, yenye sehemu iliyofunikwa na sehemu iliyoachwa wazi makusudi. Tunaliunga mkono neno hili, kwa sharti kwamba liandikwe "barakoa ya anwani," na kwamba vijitabu vieleze kazi yake kwa sentensi moja.

Lango halina bahati kama hiyo. Hutumika kwa chombo ambacho mawasiliano yote hupitia yakitoka nyumbani. Hutumika pia kwa zile namba zinazotenganisha huduma ndani ya kompyuta moja. Tena hutumika kwa tovuti kubwa zinazokusanya huduma za serikali. Wako waliokwenda kinyume wakatafsiri maana ile ya pili kuwa bandari, kwa kulifuata neno la Kiingereza lilikokwenda baharini. Meli haiingii katika king'amuzi. Lango libaki kwa maana ya kwanza, na tena lisiitwe "lango chaguo-msingi." Neno msingi humwambia msomaji kuwa kitu hiki ndicho nguzo na hakiguswi, ilhali kinachokusudiwa ni kile kitakachotumika iwapo mtu hakuchagua kingine. "Lango la kutokea" latosha hapa. Kwingineko "thamani ya awali" ni ya kweli zaidi kuliko chaguo-msingi, ambalo ni chaguo lisilochaguliwa na mtu.

Kuhusu namba za kufungia chaneli za watoto, hatuna maneno mengi. Chombo huomba tarakimu nne. Kuziita nenosiri ni kosa, maana hapo hapana neno. Umma umekwisha kufundishwa "namba ya siri" na huduma za kutuma fedha kwa simu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Nenosiri, au nywila kwa wanaolipenda, litumike kwa intaneti ya nyumbani ambako herufi huchanganywa na tarakimu.

Jambo moja tunalisema kwa uchungu kidogo. Katika menyu nyingi zilizotokana na tafsiri za kompyuta, kuruhusu kazi fulani huitwa kuwezesha, na kuisimamisha huitwa kulemaza. Kulemaza ni kumfanya mtu kuwa kilema. Hatuoni sababu ya mwalimu mwenye mwanafunzi asiyeweza kutembea kumsomea darasa zima maneno "lemaza sauti" na "lemaza maandishi." Hata bila ya hilo, neno linadanganya, kwa sababu ulemavu ni hali ya kudumu na kazi iliyosimamishwa hurudishwa kwa kitufe kilekile. Washa na zima yapo, yanajulikana, na yanatosha.

Kosa kubwa kuliko yote limo katika mipangilio ya mfumo. Humo mna amri mbili zinazokaa jirani. Ya kwanza huzima chombo na kukiwasha bila kupoteza kitu. Ya pili hufuta kila kitu: chaneli zilizosakwa, orodha ya chaneli pendwa, mipangilio ya ungo, nenosiri la intaneti, na kukirudisha chombo katika hali kilivyotoka kiwandani. Katika Kiswahili kinachotumika, ya kwanza huitwa mara "washa upya," mara "anzisha upya", ya pili huitwa mara "weka upya," mara hiyohiyo "anzisha upya." Maneno matatu yanayofanana, matokeo mawili yasiyofanana hata kidogo. Mtu anayemsaidia jirani kwa simu husema "kiwashe upya," jirani huona "weka upya," hubonyeza, na jioni yake imekwisha. Hapa mfasiri asitafute ufupi. Amri ya kwanza iwe "Zima na uwashe." Ya pili iwe "Futa yote, rudisha hali ya kiwandani." Kitenzi futa ndicho kinachobeba onyo, na onyo lisipokuwamo katika jina la kitufe, dirisha la kuuliza "Una hakika?" halisaidii, kwa kuwa mtu huwa na hakika na jambo analodhani analifanya.

Limebaki suala la saa, ambalo si la msamiati tu. Mwenye chombo akitaka kurekodi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, menyu humwomba ajaze saa kwa tarakimu. Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu mapambazuko, na chombo huhesabu tangu usiku wa manane. Akijaza 02:00, king'amuzi kitaamka saa nane usiku na kurekodi kisichotakiwa. Alipaswa kujaza 20:00. Vijitabu vingi huandika tu "weka muda," na baadhi hutafsiri mifano kwa kuandika "saa 2:00 usiku," jambo linaloongeza mtego. Kuibadili saa ya chombo ifuate yetu ni hatari, maana ratiba za vipindi huja na mawimbi katika hesabu ya kimataifa, na chombo huongeza saa tatu ili kupata saa za Afrika Mashariki. Tunapendekeza tarakimu ziachwe zilivyo, juu yake paandikwe "Saa ya tarakimu 24," na kando yake chombo kionyeshe chenyewe kwa maneno: 20:00, saa mbili usiku, 06:30, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kazi hiyo ni ndogo kwa mtunga programu. Orodha ya maneno ishirini na manne inaweza kuandaliwa na Baraza kwa siku moja, ikapelekwa kwa waingizaji wa vyombo pamoja na majina ya vitufe tuliyoyataja.